Barafu Nyuma ya Kiti

Jumamosi ile gereji ya Bwana Essop, chini ya kilima cha Berea mjini Durban, ilijaa vijana na magari waliyoyang'arisha tangu alfajiri. Kila mmoja alitaka kujua injini yake ina nguvu za farasi ngapi, apate la kuwaringia wenzake. Libérate, fundi wa daino, yaani ile mashine inayopima nguvu hizo, alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu na kilemba cha kitenge cha njano, akifuta jasho kwa kiwiko. Ndipo pikapu moja kuukuu ikarudi kinyumenyume hadi mlangoni, mtu akavuta turubai, na kelele zote zikakatika.

"Mungu wangu!" Libérate alishtuka. "Iko nini hii?"

Kilikuwa kitu kama pikipiki, ila hakikuwa na gurudumu hata moja. Mbele kilikuwa na miguu miwili ya kuteleza, nyuma mkanda mpana wa mpira.

"Iko pikipiki ya theluji, maman," akajibu kijana aliyeshuka, shati lake jeupe limenyooshwa pasi kana kwamba anakwenda misa.

"Theluji? Hapa Durban? Mwezi wa pili?"

"Eish, usiniulize miye. Uliza daino yako kama inaogopa baridi."

Vijana wakaangua kicheko. Libérate alijikaza asicheke, akashindwa.

Kijana huyo aliitwa Peguy. Kwao Bukavu, nchini Kongo, alikuwa fundi. Hapa alilinda magari ya watu kwenye maegesho ya Glenwood. Mashine ilikuwa ya tajiri mmoja wa milima ya Lesotho, ambako theluji huanguka kweli. Aliinunua ikiwa imekufa, akampa Peguy ahadi: akiifufua, na karatasi ya daino ikionyesha farasi mia, basi mashine zake zote sita zitakuwa chini ya Peguy, kazi ya kudumu. Ikipungua mia, atatafuta fundi mwingine.

Siku hiyo ilitoa themanini na moja. Peguy aliinamisha kichwa juu ya usukani.

"Usilie, papa," Libérate akamwambia. "Kabureta zako zinakunywa mafuta mingi, hewa kidogo. Rekebisha, urudi."

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Katikati ya wiki zilikuwa simu.

"Ingénieur, umekula?" Peguy huanza.

"Nimekula. Umeita juu ya kabureta ao juu ya chakula?"

"Juu ya sauti yako. Kabureta iko kisingizio."

"Muongo weye!"

"Nikipata kazi ile, nitakupeleka uone theluji."

"Na koti sina? Nitakufa na baridi, chéri."

Neno lilimponyoka. Libérate akajiziba mdomo, ameshtushwa na ulimi wake mwenyewe. Upande wa pili Peguy akasema taratibu, "Rudia." Libérate akakata simu, na usingizi haukuja hadi alfajiri.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya muda aliotoa tajiri. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na sita, na chumba cha vipimo kilikuwa tanuri. Walitoa klachi, wakaifunga daino kwenye shafti ya injini, Libérate akaziba masikio. Injini ikanguruma hadi madirisha yakatetemeka. Alitazama namba huku akiomba Mungu kimoyomoyo.

Tisini na sita.

Aligeuka ampe pole, akaona maji yanatiririka sakafuni. Mfuko mzima wa barafu, ile ya kuhifadhia samaki inayouzwa mtaa wa Bluff, ulikuwa umewekwa ndani ya chumba chake. Damu ikampanda kichwani. Injini ikivuta hewa ya baridi hupata nguvu zaidi, na kila tapeli aliyewahi kupita pale alijua hivyo.

"Nani alileta hii?"

"Miye," Peguy akasema.

"Barafu? Mu chumba yangu? Ulitaka kuiba namba?"

"Kuiba? Libé, sikia..."

"Sisikii! Karatasi yangu haidanganyi! Mwizi apite nje!"

Vijana wote mlangoni walisikia. Peguy alimgeukia.

"Miaka tatu nalinda motokari ya batu," akasema. "Hakuna hata mumoja aliniita mwizi. Weye ndiyo wa kwanza."

Akapakia mashine yake, akaondoka bila kuchukua karatasi.

Jumatano, Libérate alikuwa akipanga majalada alipoikuta karatasi ile. Juu, pembeni, palikuwa na mstari ambao hasira zilimzuia kuusoma siku ile: joto la hewa, nyuzi tisa. Alisoma mara tatu. Durban, mwezi wa pili, nyuzi tisa!

Alikimbia chumbani. Kidude cha kupima joto la hewa kilining'inia ukutani nyuma ya kiti chake, mbali kabisa na mdomo wa injini. Chini yake, kwenye rafu, palikuwa na alama ya maji yaliyokauka. Barafu ilikaa hapo. Injini haikunufaika nayo hata kidogo. Kilichodanganyika ni kidude. Siku ya joto kompyuta ya daino huifidia injini kwa hewa mbovu inayovuta, lakini siku hiyo iliambiwa ni baridi, ikamnyima Peguy farasi waliokuwa haki yake.

"Mwizi gani anajiibia mwenyewe?" akasema kwa sauti.

Halafu akakumbuka kwamba Jumamosi ile mgongo wake ulikuwa na ubaridi mtamu, na yeye alidhani ni upepo. 

Alipiga simu mara tatu bila kujibiwa. Ya nne ikapokelewa.

"Peguy, ile barafu uliletea nani?"



"Jasho ilikuwa inakuingia mu macho," Peguy akasema. "Unashinda mule siku nzima. Nilisema, acha apate baridi kidogo mu mugongo."

Libérate alilia bila kujificha. "Nilikosa. Nilikosa sana! Lete mashine, tupime tena."

"Nilishamwambia tajiri tisini na sita. Jumamosi anakuja kuichukua."

"Basi ilete mbele yeye hajafika!"

"Mbele ya bale batu? Hapana, Libé." Simu ikakatika.

Jumamosi asubuhi, Peguy alipofungua lango la uwanja wa Bluff alikoiweka mashine, alirudi nyuma hatua mbili. Libérate alikuwa nje ya lango, amekaa ndani ya pikapu ya Essop, amevaa gauni la kitenge la kanisani na viatu vya kisigino.

"Panda," akasema. "Nilikutukana mbele ya batu, nitakuomba pardon mbele yao."

Na aliomba. Aliamuru injini zote zizimwe, akasimama katikati ya vijana wale, akasema: "Huyu si mwizi. Aliniletea baridi, miye nikamulipa haya. Kosa ni yangu." Hakuna aliyecheka. Kisha akavaa ovaroli juu ya gauni, akapima upya, kidude ukutani kikionyesha nyuzi thelathini na tano.

Mia na moja.

Tajiri, aliyeitwa aifuate mashine gerejini, aliisoma karatasi mara mbili, akampa Peguy mkono. Vijana wakapiga honi.

"Naondoka mwezi wa tano," Peguy akasema.

Libérate akashtuka upya. Hakuwahi kufikiri kwamba farasi aliowapigania ndio watakaombeba Peguy kwenda mbali.

"Lesotho iko mbali," akasema kwa shida.

"Iko mbali, na iko baridi. Na weye koti huna."

"Sina."

"Tutanunua. Lakini kwanza niambie, papa yako anashikaka simu saa ngapi? Bajomba yangu banataka kumusalimia."

Libérate alijua salamu ya wajomba ni ya posa, machozi yakamtoka. Essop, asiyejua neno la Kiswahili, akauliza kwa nini fundi wake analia wakati mashine imefaulu.

"Saa mbili ya mangaribi," Libérate akamjibu Peguy. "Akishakula. Mbele ya chakula, papa hasikilizake mutu."