Mtani Huambiwa Kweli

Kila asubuhi Minza alifagia uwanja, akanywa uji, kisha akaongozana na baba yake hadi njia panda ya Cheyo. Yeye alikata kushoto kwenda shule. Baba, amevaa ovaroli yake ya kiwanda cha asali, alinyoosha mbele. "Kazi njema, Baba Minza!" majirani walimwambia, naye akawapungia mkono.

Kazi yenyewe, jamani, haikuwapo! Kiwanda kilikuwa kimepunguza wafanyakazi tangu masika, na Baba alikuwa miongoni mwao. Alikwenda kukaa stesheni, akatazama mizigo ikipakiwa mpaka jioni. "Habari hii isivuke mlango huu," aliwaonya nyumbani. "Watu watanicheka."

Jumamosi moja Minza alitumwa maandazi kwa jirani yao, Bibi Mwanamkuu. Bibi huyo alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi kama akina Minza ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani hukutania hata msibani, nawe huna ruhusa ya kununa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mtani wangu. Hebu niambie, baba yako ana nafasi? Wafugaji nyuki wa Igalula wamepata mashine ya kukamua asali, na hakuna anayejua kuiendesha. Wanataka fundi wa kuondoka naye leo kwa treni."

Moyo wa Minza uliruka kwa furaha. Kisha akakumbuka onyo la Baba. "Hana nafasi, Bibi. Kazini wamembana sana."

"Haya, nitawatafutia mwingine."

Minza alirudi nyumbani akiburuta miguu. Maandazi yalinukia, lakini hakuyatamani hata kidogo. Alimkuta Baba uani, akamweleza yote. "Nimedanganya, Baba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimekukosesha kazi."

Baba aliinamisha kichwa. "Uongo huo ni wangu, mwanangu. Wewe nilikutwisha tu." Alivaa kandambili kwa haraka, moja yake na moja ya Mama, wakatoka mbio.

Bibi Mwanamkuu alikuwa akigeuza maandazi, wateja wamemzunguka. Baba alitamani kugeuka arudi, lakini Minza alimshika mkono. "Mtani," Baba alisema, "mimi sina kazi. Nilipunguzwa tangu masika."

"Ndiyo maana!" Bibi alipiga makofi. "Nami najiuliza, Mnyamwezi gani huyu, anatoka kwenye asali kila siku na hata nzi mmoja hamfuati? Nikadhani nzi wa Tabora wamehamia Dodoma!"

Wateja wakaangua kicheko. Baba naye akacheka mpaka akashika mbavu. Minza alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa miezi mingi, akafurahi mno.

Bibi alishika simu. "Msichukue mtu! Fundi ninaye. Ila ni Mnyamwezi, mvumilieni." Alisikiliza kidogo, akatabasamu. "Kafungashe nguo, mtani. Wanakusubiri."

Baba alimshika Bibi mkono kwa mikono yake miwili. Bibi akamtazama, safari hii bila utani. "Kupunguzwa kazi si wizi. Mwizi ndiye ajifiche. Ukinyamaza, mwenye kukusaidia atakujuaje?"

"Kweli kabisa," Baba alijibu. Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake. "Minza, nikikuagiza tena kusema uongo, nikatalie. Nikatalie kwa adabu, lakini nikatalie."