Mchumba Wangu Alinipita na Kikombe Mkononi

Jamani, alinipita!

Ozioma, mchumba wangu, alikuwa ameshika kikombe cha tembo la mchikichi. Kwetu Waigbo ndoa hufungwa hivyo: binti anajaziwa kikombe na baba, anamtafuta mwanamume wake katikati ya wageni, anapiga magoti, anampa anywe. Basi, mmeoana.

Macho yetu yalikutana kabisa... halafu akapita!

Vijana nyuma yangu wakaangua kicheko.

"Kamwogopa mbakaji!"

Jina hilo sikulipata kwa tabia. Naitwa Obiajulu, mwigizaji wa filamu wa hapa mjini Asaba. Miaka yote nilicheza madereva na polisi, watu wa kusema neno moja na kufa. Halafu dairekta mmoja, mama Nkemdilim, akanipa nafasi kubwa: tajiri, mzee wa kanisa, anayembaka mpwa wake wa chuo anayeishi kwake.

"Madam, lazima tuionyeshe?" nilimuuliza. "Si tufunge tu mlango, watu wataelewa?"

"Tukifunga mlango tunamsaidia yeye, Obi. Watu wetu wamekaa nje ya mlango huo miaka mingi wakijifanya hawasikii."

Tukaionyesha. Si miili, ila uso wa yule binti, na sauti yangu ikimuuliza nani atamwamini. Asubuhi yake mzee yuleyule anaombea chai. Siku ile nilimaliza kazi nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya gari lililobeba taa za filamu.

Filamu ikatoka. Aisee!

"Sikuuzii!" muuza pilipili alinifokea sokoni.

"Mama, ni maigizo tu..."

"Mbona unayajua vizuri hivyo?"

Mama yangu mzazi akaacha kupokea simu zangu. Kanisani benchi langu likawa na nafasi tele. Nilikuwa naongea na redio, wadau, sitanii.

Kisha Udemezue, baba mdogo wa Ozioma, akaniita. Ndiye aliyemlea tangu baba yake afe, kwa hiyo ndiye wa kumwozesha.

"Kijana, ule ni uchafu mtupu, hauna funzo lolote. Jirekodi, uombe radhi, useme filamu ile ni ya shetani. La sivyo, kikombe utakisikia kwa wenzako."

Nilimuuliza Ozioma nifanye nini. Tangu aione ile filamu alikuwa haongei, anakaa mwisho wa kochi.

"Usiombe radhi."

"Nitakukosa, Ozi."

"Usiombe radhi, nimesema!"

Sikuomba. Baba mdogo alinuna, lakini kadi zilishasambaa na aibu ingekuwa yake.

Sasa rudini pale ukumbini. Nimekaa na kofia yangu nyekundu ya bwana harusi, sijui mikono niiweke wapi. Nikajua na yeye ameungana nao.

"Bibi harusi, mume yuko huku!" mshereheshaji akatania. "Au tukununulie miwani?"

Ozioma hakugeuka. Alirudi mpaka meza kuu, kwa baba mdogo aliyemjazia kikombe. Akapiga magoti. Akamnyooshea.

Baba mdogo akacheka kidogo.

"Binti, vipi? Mpelekee mumeo!"

"Si ulinifanya mkeo nilipokuwa nakaa kwako nikisoma chuo? Kunywa basi, baba."

Jamani!!

"Uliniuliza nani ataniamini," akasema. "Leo wamekuja wote. Waulize."

Udemezue akasimama, mishipa imemtoka. "Ni ile filamu! Imemharibu akili! Si niliwaambia?"

Mkewe alikuwa kando yake. Akavua kilemba, akakiweka mezani.

"Nilikuwa nasikia," akasema mama yule. "Mungu anisamehe, nilikuwa nasikia."

Ukumbi ukalipuka.

Ozioma nilimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria ya wapishi. Nilikuwa nalia, hasira na furaha pamoja. Nilidhani tumeokoka wote wawili.

"Twende nyumbani, Ozi."

"Obi, yule binti kwenye filamu hakuwa na kosa. Nilimwangalia mpaka nikajiambia, basi na mimi sina. Nitakushukuru mpaka nakufa."

"Basi twende."

"Uliigiza vizuri mno." Machozi yakamtoka. "Ukiingia chumbani, na baba mdogo anaingia. Nimejaribu, Mungu anajua. Siwezi."

Nikanyoosha mkono nimfute machozi... akajikinga uso!

Nikautia mkono mfukoni.

Udemezue yuko mahabusu, anasubiri kesi. Ozioma yuko kwa shangazi yake, na nasikia siku hizi anacheka. Sijamwona tena.

Mnanijazia ujumbe kila siku mkiuliza uchafu ule ulikuwa na faida gani. Sisemi kila damu na kila kitanda kwenye filamu kina maana, picha nyingi ni za kuuzia tu, na mimi zile sichezi. Lakini uovu ukionyeshwa ili aliyetendewa ajue hana kosa, faida yake mimi nimeiona imepiga magoti mbele ya ukoo mzima. Ningeulizwa leo, ningeicheza tena.

Ila jana nimepika supu ya egusi, ile yetu ya mbegu za tikiti, ya watu wawili, kwa mazoea. Nimekula nusu, nusu nyingine nimeifunika.