Herufi Iliyolala

Mama Chiriku ni fundi cherehani. Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani iko dirishani, pasi iko mezani, vitambaa viko kila mahali, na pini zinapenda sana nyayo za wageni. Watu wanamsifu kwa jambo moja: haoni uvivu kufumua. Mshono ukipinda kidogo tu, anakata uzi na kuanza upya.

Chiriku ni binti yake wa miaka sita. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, maana mdomo wake haupumziki. Anaongea akila, anaongea akioga, wakati mwingine anaongea na pasi. Lakini mwaka huu alianguka akavunjika mguu. Daktari akaufunga plasta, akasema mtoto akae nyumbani mpaka mfupa uunge.

Mama akaingiwa na hofu. Wenzake wa darasa la kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Je, Chiriku angerudi na kukuta wamemwacha mbali? Basi akapiga moyo konde. Angemfundisha mwenyewe, hapo hapo nyumbani, wao wawili tu.

Kila siku baada ya chakula cha mchana alisukuma vitambaa pembeni, akamkalisha Chiriku mezani na penseli. Akamfundisha kama anavyoshona. Chiriku aliandika “a”, tumbo la herufi likapinda. Mama akafuta. Akaandika tena, mama akafuta tena. Ilikuwa hivyo hadi jioni, mpaka karatasi ikatoboka. Wala hakuwa mkali, maskini. Hakumfokea hata kidogo. Alifuta kwa upendo, akapuliza vumbi la kifutio, akasema, “Haya, tena.”

Haukupita muda, Chiriku akaanza kuumwa tumbo kila alipoona penseli. Kisha akanyamaza kabisa. Alikaa mezani kama mgeni, akitazama plasta yake. Nyumba nzima ikabaki na sauti ya cherehani. Mama alizikumbuka zile kelele alizokuwa akizilalamikia, akatamani kulia.

Siku moja jirani yao, mwalimu wa chekechea, alileta sketi yake ipanuliwe kiuno. Alimkuta Chiriku amejilaza kitandani, tumbo linauma tena. Mama akamweleza yote. Akauliza kwa sauti ya chini kama labda mtoto ana kichwa kizito.

Mwalimu akaitazama karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa ya kijivu, imechakaa, haina kitu.

“Jirani, kazi yake iko wapi?”

“Nimeifuta. Ilikuwa imepinda.”

“Yote?”

“Yote.”

Mwalimu akaketi. “Kitambaa ukikifumua hakiumii, mwenzangu. Mtoto anaumia. Kila ukifuta, anaona umemwambia kwamba hawezi.”

Akamweleza kwamba vidole vya mtoto bado ni laini, na herufi za mwanzo hupinda kwa watoto wote. Zitanyooka kadiri anavyoandika. Akamshauri wasome robo saa tu, kisha apumzike. Waanze na lile analolijua tangu jana, ndipo waongeze jipya kidogo. Amwache aongee, maana mtoto hujifunza kwa mdomo pia. Na watumie vitu vya nyumbani, vifungo vya kuhesabia, vipande vya kitambaa na chaki ya kuandikia.

“Na zilizopinda?” mama akauliza.

“Ziache. Siku moja ataziona mwenyewe.”

Kuacha kitu kilichopinda! Mama aliona afadhali angeambiwa alale na pini mdomoni. Lakini alimpenda mtoto wake kuliko mishono yote duniani, akakubali.

Kesho yake akampa Chiriku kipande cha kitambaa cheusi na chaki ya fundi. Chiriku akaandika “a” kadhaa, akasubiri. Mama alikuwa ameikalia mikono yake.

“Mama, hufuti?”

“Sifuti. Ipi unaipenda zaidi?”

Chiriku akafikiri, akagusa moja. “Hii. Ina tumbo kubwa kama la baba.”

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Tangu siku hiyo tumbo la Chiriku halikuuma tena. Alihesabu vifungo, akavipanga kwa rangi, akavigombeza vilipobingirika chini ya meza. Akajua “ba, be, bi”. Akaisomea pasi jina lake. Mama akaanza tena kulalamika kwamba nyumba ina kelele, lakini alilalamika huku anatabasamu.

Mchana mmoja Chiriku aliandika “mama” kwa chaki ya bluu kwenye kitambaa cheupe, peke yake, bila kusaidiwa. Herufi ya mwisho ilikuwa imelala ubavu kama mtu aliyechoka. Mkono wa mama ulinyanyuka kufuta, ukarudi. Akakiweka kitambaa chini ya sindano, akaifuata ile chaki kwa uzi mwekundu, na pale ilipopinda naye akapinda. Kisha akakishonea kwenye aproni yake, kifuani.

Mguu ukapona, Chiriku akarudi shuleni. Mwalimu wake wa darasa alisema anasoma sawa na wenzake, ila kwa maswali amewapita wote.

Alasiri moja Chiriku alirudi nyumbani, akasimama mbele ya mama yake, akaikodolea macho aproni. Akaenda kuleta mkasi.

“Mama, ‘a’ hii ya mwisho imelala. Siku hizi naandika vizuri. Fumua nikuandikie upya.”

Mama akauchukua mkasi, akauweka mezani, akamvuta mtoto kifuani.

“Andika nyingine, mwanangu, nitaishona hapa chini,” akasema. “Hii sifumui.”