Mlango wa Nyuma Kushoto

Waya wa king'ora ulikuwa bado umekatwa. Albano aliinama chini ya boneti akautazama mara mbili, kisha akaugusa kwa kidole: ncha mbili zilizoachana, kila moja imezungushiwa tepu ya bluu. Mafundi wote wa umeme wa magari pale Chang'ombe wanatumia tepu nyeusi. Ya bluu ni yake peke yake, na huringa nayo. Basi king'ora hakikuwa na umeme hata chembe, na bado sasa hivi tu kilikuwa kinalia hadi wakaanga chipsi wa ng'ambo ya barabara wakaziba masikio.

"Umeona kitu, fundi?" aliuliza mwenye gari.

"Bado, mwalimu. Hizi sensa zina mambo yake," alisema Albano, akafunga boneti upesi.

Mwenye gari ni Adelina, mwalimu wa shule ya msingi, na gauni jeusi alilovaa lilikuwa la kumlilia mama yake. "Inalia kila siku saa tisa alasiri," alisema. "Niwe shule, niwe kanisani, popote. Sitaki uizime tu. Nataka uniambie inalia kwa nini."

Angemwambia palepale, yangeisha palepale. Lakini Albano ni mtu wa kesho.

Miezi mitatu nyuma gari hilohilo lililetwa na Fransis, mume wa Adelina, amechukia: alamu inalia ovyo, lori likipita inalia, paka akiruka inalia. Albano alipima swichi za milango, akapima ya boneti, akapima betri, vyote vizima. Halafu akafika kwenye sensa ya mtikisiko, akakuta imefunguliwa mpaka mwisho, inashtuka kwa mguso mdogo tu. Kitu kama hicho hakijifungui chenyewe, kuna mtu alikizungusha kwa makusudi, na fundi mwenye akili angepiga simu moja kuuliza. Ilikuwa Jumamosi, na mpira unaanza saa kumi. Alikata waya wa king'ora, akazungusha tepu yake nzuri, akasema, "Tayari, bosi, imepona."

Siku nne baadaye, karibu saa tisa alasiri, Adelina aliegesha gari juani nje ya duka la dawa, akamwacha mama yake kiti cha nyuma kushoto. Bibi Margareta alikuwa amepigwa na kiharusi, hasemi, na mkono mmoja tu ndio uliokuwa na uhai kidogo. Kwa hiyo mama na mwana walikuwa na utaratibu wao, ambao Fransis hakuujua: bibi akizidiwa anagonga kioo kwa pete yake ya ndoa, alamu inalia, Adelina anakuja mbio. Ndiyo maana sensa ilifunguliwa hadi mwisho, isikie hata mkono dhaifu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Adelina hakusikia kitu, na aliporudi mama yake alikuwa ameshakata roho.

Albano alikwenda msibani. Alimsikia Adelina akilia kwenye mkeka, "Mama, mbona hukugonga? Kwa nini hukugonga?" Akaielewa habari yote hapo hapo, kijiko kikiwa mkononi. Akamaliza wali wa watu, akanyamaza.

Sasa gari lilikuwa limerudi kwenye gereji yake.

Siku ya kwanza alichomoa sensa. Saa tisa likalia. Siku ya pili alichomoa betri, akaiweka chini mbali kabisa na gari, akakaa juu ya tairi kulisubiri, na saa tisa likalia huku taa zote nne zikiwaka na kuzima. Alipobonyeza rimoti kulinyamazisha, kitaa chekundu cha dashibodi kikaanza kupepesa. Alamu za aina ile hukumbuka, na ukizizima zinakuhesabia kwa kitaa zimeguswa mara ngapi ulipokuwa haupo. Kilipepesa mara arobaini na moja.

Siku ya tatu alikaa ndani, kiti cha dereva, vioo vimefungwa, na dakika chache kabla ya saa tisa akasikia harufu ya mafuta ya karafuu, yale wanayochuliwa wagonjwa, halafu joto likapanda ghafla mpaka jasho likamwingia machoni ingawa gari lilikuwa kivulini, na king'ora kilipoanza akasikia chini ya kelele zile kitu kingine kidogo, ko, ko, ko, chuma juu ya kioo, nyuma yake upande wa kushoto, taratibu, kikipumzika, kikianza tena, na kila kikipumzika kinachelewa zaidi kuanza, na yeye hakugeuka, alihesabu tu kwa sababu hakuweza kuacha kuhesabu, hadi arobaini na moja, na cha mwisho hakikuwa kugonga tena bali pete ikiteleza chini ya kioo.

Alitoka amejikojolea. Tuseme ukweli, amejikojolea.

Alimwita Bi Raudha, mama wa mtaa wa nyuma anayetoa majini. Adelina naye aliitwa, na wote watatu wakasimama kulizunguka gari. Bi Raudha aliweka ubani kwenye chetezo, akasoma, akaingiza moshi kupitia mlango wa mbele. Moshi haukutawanyika. Ulikwenda ukakaa kiti cha nyuma kushoto, ukajikunja hapo.

Bi Raudha alifunika chetezo.

"Mie siwezi hii," alisema kwa sauti ya chini. "Jini nikilifukiza linapiga kelele linataka kubaki. Huyu anapiga kelele anataka kutoka. Nani alimfungia?"

"Mimi," alisema Adelina. "Mie ndiye niliyemwacha, Bi Raudha. Ni mimi."

Albano aliangalia viatu vyake. Kwa miezi mitatu mwanamke huyu alikuwa amebeba mzigo ambao nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa amesimama hapo na testa ya umeme mfukoni.

"Siyo wewe, mwalimu," alisema. "Nilikata waya. Braza Fransis aliileta inalia, nikachoka kutafuta. Nikakata, nikasema imepona."

Adelina alimgeukia. Hakumpiga, ingawa Albano alitamani sana apigwe.

"Kwa hiyo aligonga," alisema mwishowe.

"Aligonga."

"Mara ngapi?"

"Mwalimu, usi..."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Arobaini na moja."

Adelina alifungua mlango wa nyuma kushoto, akainama, akalaza kiganja kwenye kiti. Kisha akautoa ufunguo kwenye mkoba, akamwekea Albano mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Gari libaki kwako," alisema. "Mie nilikuwa simsikii. Wewe unamsikia. Kila siku akigonga, wewe umfungulie."

Na Albano akawa anamfungulia. Saa tisa kamili anaacha kazi aliyoshika, anafungua mlango wa nyuma kushoto, anasema, "Shikamoo bibi, karibu nje." Upepo wa moto wenye karafuu unampitia kifuani, king'ora kinakatika, siku inaendelea. Mafundi wenzake walicheka wiki ya kwanza, wakaacha. Miezi minne hakukosa hata siku moja, na aliapa moyoni kwamba hatakosa.

Jumamosi iliyopita alikuwa chini ya lori la mteja mkali, waya kumi na mbili mkononi, na akiziachia ataanza upya. King'ora kikalia.

"Subiri kidogo, bibi," alisema kwa sauti, bila kutoka. "Dakika mbili tu, nakuja."

Alihesabu bila kutaka. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. King'ora kikanyamaza chenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Albano alitoka chini ya lori, akakimbia. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa wazi. Kwa ndani, kwenye kioo, kulikuwa na mchirizi mmoja wa pete kutoka juu hadi chini. Kiti kilikuwa cha baridi.

Robo saa haijapita, simu yake ikaita. Alikuwa Editha, mke wake, anapiga kutoka nyumbani Vingunguti.

"Baba Yasmini, una mgeni hapa," alisema. "Bibi mmoja mtu mzima, maskini, amegongagonga mlango weee mpaka nimemsikia. Namwuliza ametoka wapi, hasemi. Nimemwingiza ndani, nimemkalisha na Yasmini. Sasa nimetoka kumchotea maji, narudi, mlango umejifunga, haufunguki, na ndani mna joto mpaka ukutani pananichoma. Albano, kuna mtu anagonga kwa ndani, chini kabisa ya mlango, na siyo yule bibi."