Kura ya Kufumba Macho

Kila Jumapili asubuhi, baba yake Kiherehere alisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka masizi ya karakana yatoke kwenye kucha. Kisha alimfunga tai mdogo wake, kwa sababu baba mdogo, pamoja na ndevu zake zote, hakujua kuifunga. Ndugu hao walichomelea mageti pamoja na kugombania redio moja. Jumapili hii walikwenda kanisani wakitaniana kama kawaida, ila mikono ya baba ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa myekundu. Siku hiyo ilikuwa ya kuchagua mzee wa kanisa, ama yeye au fundi cherehani mmoja.

Pale kanisani watu walipiga kura kwa kunyoosha mkono huku wamefumba macho. Mchungaji peke yake ndiye aliyeona na kuhesabu. Watoto hawakupiga kura, lakini nao waliambiwa wafumbe. Kiherehere, binti wa darasa la sita ambaye jina hilo hakupewa bure, alifumba jicho moja.

Alipotajwa fundi cherehani, mkono wa baba mdogo ulipanda juu.

Baba alishindwa. Alipiga makofi kama wengine, akatabasamu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nje, Kiherehere alimwonea huruma, akamvuta koti na kumnong'oneza alichokiona. Baba akamuuliza kama ana hakika. Hapo binti akatia chumvi. Alisema baba mdogo alinyoosha mkono huku anacheka.

Baba alimwacha hapo hapo. Alirudi ndani, akamkuta mdogo wake anapanga mabenchi, akamkamata ile tai na kumtandika ngumi ya mdomo. Baba mdogo alianguka juu ya benchi, damu ikamwagika kwenye shati jeupe. Fundi cherehani alikimbilia kuamua, akala kiwiko cha jicho. Shemeji yake akaona hayo hayavumiliki, akaingia kwa mateke. Mara wanakwaya wakawa wanararuana majoho, vioo vya dirisha vikapasuka, na mama yake Kiherehere akasukumwa ukutani mpaka akakaa chini. Mchungaji aliita watu kwa majina ya ubatizo, hakuna aliyeitika.

Baba akanyanyua kinara cha chuma alichokitengeneza mwenyewe, akakiinua juu ya kichwa cha mdogo wake.

"Hakucheka, baba," Kiherehere alilia, amemng'ang'ania mkono. "Nimeongeza mwenyewe. Hakucheka."

Kinara kilibaki hewani, kisha kikashuka taratibu. Baba mdogo alitema jino kiganjani, akalitazama.

"Kukuchagua sikukuchagua, kaka," alisema. "Watu wakipigana, anayeitwa kuwapatanisha ni mzee wa kanisa. Nikajiuliza, wewe na hasira zako, utawapatanishaje?"

Jibu lilikuwa limetapakaa sakafuni.

Mchungaji, kola imening'inia, alimwita Kiherehere mbele. "Mwanangu, tunafumba macho ili kila mtu amchague anayemwamini bila kuogopa kesho atatazamwaje. Wewe ulichungulia siri ya mtu, halafu ukaipamba kwa uongo. Ukiona jambo lisilokuhusu, liache. Ukilazimika kusema, sema lilivyo." Akamgeukia baba. "Na wewe usijifiche nyuma ya mtoto. Chumvi katia yeye, ngumi umetia wewe."

Kiherehere alipiga magoti kumwomba radhi baba yake mdogo. Yeye alimshika kichwa, akasema yamekwisha, ila siku nyingine afumbe yote mawili. Fundi cherehani, jicho limevimba, aliwapatanisha shemeji yake na wanakwaya. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza ya uzee wa kanisa. Baba alichukua ndoo na tambara, akadeki damu mwenyewe mpaka sakafu ikang'aa.

Kisha alimshika mdogo wake mkono ampeleke zahanati. Walipofika mlangoni alisimama.

"Mdogo wangu, kesho njoo kazini."

Baba mdogo aliuchomoa mkono wake, akaziba mdomo kwa kitambaa, akaendelea kutazama barabarani.