Kipimo cha Feni Iliyozimwa

Wajdi, rafiki yangu wa Amman, si mtu wa porojo, na atakayembishia aanze na mimi. Kazi yake ni kupima kelele ya hewa ipitayo kwenye mifereji ya majengo. Hupima feni ikizunguka, kisha ikizimwa.

Adhuhuri moja alikuwa kwenye chumba cha chini, zege tupu, hakuna dirisha. Kitasa cha ndani kilikuwa kikigongagonga na kumharibia vipimo, akaking'oa mlangoni mwenyewe, akampa Ghassan, fundi wa feni.

"Nifungie, ukazime. Kisha rudi unitoe."

"Nikichelewa, Abu Nizar, pitia kwenye mfereji," Ghassan akamcheka, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ila hilo tumbo liache hapa."

Mlango ukafungwa. Punde feni ikanyamaza, na taa zikazimika. Palibaki mwanga mdogo wa kipima sauti tu. Namba zikashuka, zikapanda, zikashuka tena, taratibu, na juu mferejini kukawa na mvumo unaoenda nazo sawia.

Wajdi akanyakua redio ya mkononi. "Ghassan, zima feni! Acha utani wako!"

"Feni gani? Wallahi nimekata umeme wa jengo zima. Nipo mlangoni, na kitasa cha nje nacho kimenibaki mkononi. Tulia, nikatafute bisibisi."

Nyayo zake zikapotelea ngazini. Wajdi akaegemea mlango, akabana pumzi asikilize vizuri. Mvumo nao ukakatika. Akaendelea kubana mpaka kifua kikamwuma, lakini aliyeshindwa kwanza, akashusha pumzi ndefu, alikuwa ndani ya mfereji.