Jiwe la Mama Atuganile

Rafiki yangu Lugano huchonga majina kwenye mawe ya makaburi kwa mashine, hapo Tukuyu. Kisa hiki akinisimulia hanitazami usoni.

Mama yake, Atuganile, alipougua kule kijijini Masoko, alimpigia simu. "Njoo tu nikuone, mwanangu." Lugano akamwomba asubiri, anamalizia programu ya kugeuza michoro ya kompyuta iwe faili ambalo mashine yake inaweza kulisoma. Programu ilipokubali, mama alikuwa ameshafariki.

Mchoro wa kwanza kuugeuza ulikuwa wa jiwe la mama: jina na msalaba, basi. Dada yake Yudith alikuwepo. Mashine ilipomaliza tu msalaba, umeme ukakatika. Nje ukungu ulikuwa umeziba dirisha, chumba kikawa giza. Kisha wakasikia sindano ya mashine ikikwaruza jiwe, polepole.

"Kaka, si umeme umekatika?"

Lugano akapapasa mezani kutafuta simu. Sauti ilipokoma, akawasha tochi ya simu. Sindano ilikuwa juu, imetulia. Chini ya msalaba palikuwa pamechorwa kiganja, kidole cha mwisho kimepinda.

"Ni mkono wa mama," Yudith alisema.

Lugano akaigusa ile mistari. Vumbi la jiwe lililokuwa ndani yake lilikuwa bado na joto.